Naomba ushauri: nimruhusu paka wangu atoke nje?

Habari zenu ndugu zangu. Nina paka wawili wa tumbo moja, dume na jike, wana miezi 7. Tangu niwachukue hawajawahi kukanyaga nje. Jike hana neno, akishakula analala. Dume ndiye ananinyima raha. Kila jioni yuko dirishani, pua kwenye wavu. Ndege akitua ukutani taya linamtetemeka, anatoa kisauti chembamba kama anayeomba. Nikifungua mlango tu, huyo, kashapita katikati ya miguu yangu.

Namwonea huruma kweli. Lakini paka niliyekuwa naye kabla ya hawa alikuwa anatoka atakavyo. Siku moja akarudi anayumba, mate yanamtoka, akafia mikononi mwangu. Daktari wa mifugo alisema ni sumu, huenda alikula panya aliyewekewa. Mpaka leo sijasahau.

Wote wamechanjwa kichaa cha mbwa. Jike nilishamfunga kizazi (paka hushika mimba hata akiwa na miezi 4, na undugu hawaujali), ila dume bado hajahasiwa, na madume ya nje hung'atana vibaya na kuambukizana magonjwa.

Waliowahi kumzoesha paka kamba ya kifuani, alikubali baada ya muda gani? Au nizungushie wavu kibarazani tu? Na nikimtoa mmoja, dada yake hatamkataa akirudi na harufu ngeni?