Mjadala: Timu mbili za konferensi moja zirudiane fainali ya taifa?

Kingamia
Nauliza kuhusu futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo vikuu. Timu ikishafungwa na mpinzani wake wa konferensi (yaani ligi ya vyuo kadhaa), ni haki ikutane naye tena kwenye fainali? Chukueni msimu wa 2011. Tarehe 5 Novemba LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana) iliifunga Alabama 9-6 katika muda wa nyongeza, tena kwao Tuscaloosa. Zote ni za konferensi ya SEC (ya kusini mashariki), na wakati huo zilikuwa kundi moja la magharibi. LSU ikaongoza kundi, kisha ikaichapa Georgia 42-10 na kubeba ubingwa wa konferensi. Tarehe 9 Januari 2012, Superdome ya New Orleans, ikapangiwa Alabama ileile. Ikalala 21-0. Kila mmoja kashinda mara moja, kombe kachukua aliyeshinda ya pili. Sasa ile ya kwanza ilichezwa ya nini?

Teke la Pembeni
Mkuu, hiyo 9-6 ilipatikanaje? Hakuna tachidauni (kufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa goli) hata moja. Alabama ilipoteza mateke manne ya pointi 3 (ya kupitisha mpira kati ya nguzo), ya yadi 44, 50, 49 na 52.

Kwa wasiojua hesabu ya umbali wa teke: chukua yadi zilizobaki kufika mstari wa goli, ongeza 10 za eneo la nyuma ambako nguzo zimesimama, ongeza kama 7 ambazo mpira hurudishwa kwa mshikaji. Muda wa nyongeza kila timu inaanzia yadi ya 25, kwa hiyo hata usiposogea una teke la yadi 42. Alabama ilirudi nyuma yadi 10, ikabaki na la 52, ikakosa. LSU ilisogea mbele, Drew Alleman akapiga la yadi 25 tu.

Januari Alabama ilisogea vizuri zaidi. Jeremy Shelley alifunga 5 kati ya mateke 7, refu kuliko yote yadi 44, na Trent Richardson akamalizia kwa tachidauni ya yadi 34. LSU nzima ilipata yadi 92. Hapo nani bora?

Bi Kikokotoo
Ninyi mnabishania uwanja, wakati aliyeonewa hakuwepo uwanjani. Oklahoma State ilikuwa 11-1 sawa na Alabama, na ni bingwa wa konferensi ya Big 12. Alabama hata kundi lake haikuongoza.

Mfumo wa BCS, uliochagua timu mbili za fainali, ulikuwa na mafungu matatu yenye uzito sawa: kura za jopo la Harris, kura za makocha, na kompyuta sita. Katika hizo sita, alama ya juu na ya chini hutupwa, zinabaki nne. Kompyuta ziliiweka Oklahoma State ya pili. Kura za binadamu ndizo zilizoipandisha Alabama: jumla ya mafungu yote ikawa 0.9419 kwa 0.9333. Tofauti 0.0086! Na Nick Saban, kocha wa Alabama, alikuwa mpiga kura. Aliiweka Oklahoma State ya nne. Mwamuzi na mlalamikaji ni mtu mmoja.

Teke la Pembeni
Dada, kompyuta hizo zilikatazwa kuhesabu tofauti ya pointi. Kufungwa na LSU kwa pointi 3 zilikupima kama kufungwa kwa 40. Halafu Oklahoma State ilipigwa na nani? Iowa State, 37-31. Hiyo nayo ni sifa?

Bi Kikokotoo
Ugenini, nyongeza mbili. Na wiki mbili baadaye iliibamiza Oklahoma 44-10. Alabama siku hiyo ya ubingwa wa konferensi ilikuwa imekaa nyumbani. Ilipumzika siku 44 kabla ya fainali, LSU 37. Aliyeshindwa kundini akapata likizo ndefu kuliko bingwa.

Mgeni wa Wembley
Mbona Ulaya hawalii? Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2013 ilikuwa Bayern na Dortmund, Wajerumani kwa Wajerumani, 2-1.

Kingamia
Kaka, wale walifika kwa mtoano. Waliwatoa Barcelona na Real Madrid kwenye nusu fainali, tukaona kwa macho. Huku mwaka 2011 timu zilikuwa kama 120, kila moja ikicheza mechi 12, nyingi ndani ya konferensi yake. Ushahidi wa kulinganisha konferensi ni mwembamba mno. LSU angalau ilikuwa nao: iliifunga Oregon 40-27 na West Virginia 47-21. Huo ni ushahidi wa LSU, si wa SEC nzima.

Teke la Pembeni
Basi una la kusema kuhusu Georgia? Desemba 2021 ilifungwa na Alabama 41-24 kwenye fainali ya SEC. Januari 2022, Indianapolis, ikaifunga Alabama hiyohiyo 33-18 ikatwaa taifa.

Kingamia
Hiyo siipingi. Ilipita nusu fainali kwa kuitoa Michigan 34-11. Mchujo wa timu nne ulioanza msimu wa 2014 umenitosheleza kwa hilo.

Bi Kikokotoo
Haujanitosheleza mimi. Msimu wa 2017 Alabama haikuongoza kundi tena, ikaingizwa ya nne kwa uamuzi wa kamati, ikabeba kombe mbele ya Georgia 26-23. Sasa ni timu 12, na nafasi 7 si za mabingwa. Wekeni kikomo: konferensi moja isizidi timu tatu.

Teke la Pembeni
Na ya nne ikiwa bora kuliko bingwa wa konferensi dhaifu?

Bi Kikokotoo
Ingeshinda mechi zake za Oktoba.