"Take Me Home, Country Roads": toleo lipi linamfaa mzee anayerudi nyumbani?

Mwanakamati
Ndugu wapenzi wa muziki, kamati yetu inaandaa sherehe ya kumuaga mwalimu wetu mkuu, ambaye anastaafu na kurejea shambani kwake Nyandarua. Mzee huyu ni shabiki wa country tangu enzi za Jim Reeves redioni, na ameomba wimbo mmoja tu. Tumebakiwa na matoleo matatu: la John Denver la mwaka 1971, la Olivia Newton-John lililofika nafasi ya 15 nchini Uingereza mwaka 1973, na la Toots and the Maytals wa Jamaika. Naomba tulinganishe, tukikumbuka kwamba wageni wengi watataka kuimba pamoja.

Fundi Gitaa
Mimi nasimama na Denver. Sauti zinazomsindikiza ni za Bill Danoff na Taffy Nivert, waliotunga wimbo huu pamoja naye, na ndiyo maana kiitikio kinasikika kama watu waliokwisha kuuimba mara nyingi sebuleni kabla ya kuingia studio. Banjo haijitangazi, inaingia polepole na kuongeza mwendo bila kumfunika mwimbaji. Tena kuna kile kipande cha kati, anapotaja redio inayomkumbusha kwao, ambapo wimbo unatoka kwenye kusifu mandhari na kuwa majuto ya mtu aliyechelewa kurudi. Newton-John anakiimba vizuri, ila kwa utulivu mno kwa sikio langu.

Binti wa Molo
Kaka Fundi, nakubaliana nawe kuhusu sauti, lakini wanaolitetea toleo la Denver kwa hoja kwamba ndilo lenye kwao halisi wakumbuke wimbo ulivyozaliwa. Danoff alianza kuutunga akiwa njiani na Nivert katika barabara ya Clopper, jimboni Maryland, wakati ambapo alikuwa hajawahi kukanyaga West Virginia, jimbo la Marekani ambalo wimbo unaliita nyumbani, na wazo la kwanza lilikuwa kumuuzia mwimbaji wa country Johnny Cash. Denver aliusikia mwishoni mwa Desemba 1970, walipokuwa wakitumbuiza pamoja katika klabu ya Cellar Door mjini Washington, wakaumalizia pamoja usiku huohuo. Hata milima ya Blue Ridge na mto Shenandoah, vinavyotajwa mwanzoni kabisa, vinaigusa West Virginia kwenye pembe yake ya mashariki tu. Sehemu kubwa iko Virginia.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo nguvu ya wimbo huu ilipo. Uliandikwa na watu waliokuwa wakiwazia kwao kwa mtu mwingine, kwa hiyo umeachwa wazi kiasi cha kila msikilizaji kuingiza kijiji chake. Toots alilitambua hilo mapema: aliondoa West Virginia, akaweka West Jamaica, na wimbo haukupoteza chochote. Katika filamu ya katuni ya Kijapani ya Studio Ghibli ya mwaka 1995, *Whisper of the Heart*, inayofunguliwa kwa sauti ya Newton-John, msichana wa vitongoji vya Tokyo anaugeuza kwa mzaha kuwa wimbo wa barabara za zege, kwa sababu huko ndiko kwao. Mimi ningechagua Toots.

Mzee Kobe
Binti yangu, hoja yako ni nzuri, lakini usiwanyang'anye watu wa West Virginia kilicho chao. Mwaka 1950 jimbo hilo lilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Kufikia mwaka 1970 walikuwa wamepungua hadi takriban milioni 1.74, kwa kuwa mashine zilichukua kazi za migodi ya makaa ya mawe na vijana wakafuata viwanda vya Ohio na Michigan. Wimbo ulitoka mwaka uliofuata. Kwa familia hizo haukuwa ndoto ya mtu asiyefika, bali habari yao wenyewe. Denver mwenyewe aliuimba Septemba 1980 uwanja mpya wa mpira wa chuo kikuu cha jimbo ulipofunguliwa mjini Morgantown, na Machi 2014 ukafanywa mmojawapo wa nyimbo rasmi za jimbo. Wenyeji wameukubali, nasi tumsikilize aliyewaimbia. Isitoshe, mstaafu ameomba country; mkimpigia rege atadhani mmekosea sahani ya santuri.

Binti wa Molo
Hapo umenishinda kwa sahani, mzee wangu, si kwa hoja.

Mwanakamati
Shukrani kwenu nyote. Tutampokea mzee ukumbini kwa toleo la Denver, na Toots atasubiri hadi baada ya chakula, watu watakapokuwa tayari kucheza. La Newton-John tutaliweka wakati wa kutoa zawadi, kwa kuwa ule utulivu ambao Fundi ameulalamikia unawaacha watu wazungumze.

Fundi Gitaa
Mpango huo unafaa. Ikiwa bendi itaupiga moja kwa moja badala ya kucheza rekodi, mwombe mpiga gitaa aushushe kutoka ufunguo wa A wa rekodi ya Denver hadi G, la sivyo wastaafu wenzake watanyamaza kiitikio kinapopanda.