Mtoto wa miezi miwili hashibi: kopo lipi zuri na si ghali?

Mgeni_Kisauni: Asalamu aleikum. Mwanangu ana miezi miwili, anyonya usiku kucha na bado alia. Nahisi maziwa yamekauka. Mimi mwenyewe kizunguzungu hakiniachi. Nimnunulie maziwa gani ya kopo?

Bi_Kidawa: Waleikum salamu, mwanangu. Sisi arobaini nzima twalishwa supu ya papa na uji wa pilipili manga, hatugusi ndoo. Nyinyi siku ya tatu mko mferejini.

Fundi_Tudor: Supu ya pweza. Hata baba atanyonyesha 😂

Nesi_Likoni: Kopo weka kando. Jana ulikula nini?

Mgeni_Kisauni: Kawaida tu.

Nesi_Likoni: Kawaida gani? Taja.

Mgeni_Kisauni: Asubuhi chai ya rangi na mkate. Usiku ugali na mchicha, wakubwa wakishakula. Baba yao aacha mia tatu, mia mbili natoa mchezo, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Kura yangu ni mwezi ujao, nilipe kodi. Nimeshatoa miezi minane, siwezi kutoka sasa! Na mtoto nimeshaanza kumpa uji mwepesi, msinifokee.

Fundi_Tudor: Kumbe anayenyonya ni mchezo, mtoto apata makombo.

Bi_Kidawa: Mimi mchezo ulinijengea vyumba viwili Mikindani, usiutukane. Lakini nilikuwa nakula.

Chatu_Bamburi: Ngojeni. Akaunti hii hii juzi iliuliza bei ya pikipiki kuukuu, ikasema "mimi kijana sijaoa". Leo umejifungua?

Fundi_Tudor: 😂😂 Nilijua. Hadithi hadithi!

Mgeni_Kisauni: Simu ni ya kakangu.

Fundi_Tudor: Hadithi njoo.

Nesi_Likoni: Awe wa kweli au wa kubuni, humu wapo wengine wa hali hiyo. Maziwa hayakauki upesi hivyo. Mwili humpa mtoto kwanza, mama akabaki mifupa. Anayenyonyesha ahitaji kama kalori 500 zaidi kila siku: ongeza mbaazi, dagaa, muhogo wa nazi. Chai usinywe na chakula, yazuia madini ya chuma. Uji acha mpaka miezi 6. Akishiba uji hanyonyi, na hapo ndipo maziwa yapungua kweli. Kliniki wakupime mkono kwa utepe. Ukiwa chini ya sentimita 21, uliza unga wa lishe. Hicho kizunguzungu nacho wakupime damu.

Mgeni_Kisauni: Nitaenda Jumatatu. Jumapili twakusanya.

Bi_Kidawa: Kisauni wapi, mwanangu? Mbaazi nimepika.

Mgeni_Kisauni: Ni mwenye simu hapa. Dada amelala. Pikipiki sijanunua bado. Mchezo gani huu?