Naomba ushauri: lavanda yangu ya Bukavu inanenepa lakini haitoi maua

Ndugu zangu wapenda bustani, habari zenu. Niko Bukavu, upande wa Panzi, na nina miche ya lavanda iliyotokana na mbegu. Imekuwa vichaka vizuri, majani yananukia hata ukipita karibu, ila maua hakuna kabisa.

Nimesoma kwamba aina ya angustifolia hutaka miezi ya baridi, halafu siku ndefu za jua. Sisi hapa karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Je, ndiyo sababu? Wengine husifu aina ya dentata, yenye majani ya meno-meno, kwamba hutoa maua bila baridi kali. Kama kuna mtu anayo Bukavu au Goma, tafadhali aniambie.

La pili ni kuizidisha. Nakata vitawi visivyo na maua, sentimita 8 hadi 10, natoa majani ya chini, nachomeka kwenye udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi. Vinaoza, hasa mvua zikianza Septemba. Nafikiria kungoja kiangazi, Juni hadi Agosti, na kuchanganya nusu mchanga wa mto. Au changarawe nyeusi ya volkano kutoka Goma ingefaa zaidi? Na udongo huu wenye asidi, niutie chokaa au majivu ya jikoni yanatosha?

Mama yangu anaitamani sana nyumbani kwake, ningependa nimpelekee mche wenye mizizi imara. Asanteni sana.