Kozi ya uokoaji wa wazamiaji: Diani, Unguja, au ziwani hapa Entebbe?

MwaloBugonga
Wakubwa, habari za jioni. Nina cheti cha ngazi ya pili cha PADI (shirika la mafunzo ya uzamiaji), na cha huduma ya kwanza ambacho hakijafikisha miezi 24. Natafuta kozi ya uokoaji. Kazi itakuwa hapa hapa, boti ya usalama kati ya Entebbe na visiwa vya Ssese. Njia ziko tatu: kushuka Diani, kwenda Unguja, au mkufunzi apande huku tufanyie ziwani. Ya tatu inaniokolea nauli. Naomba ulinganisho wa wanaoijua kazi, matangazo sitaki. Na la pembeni: wanyama. Kiboko na mamba kila mtu ananionya, baharini je?

KusiKaskazi
Ssebo, angalia kwanza kozi ina nini ndani. Ya PADI ina mazoezi 10 ya uokoaji, halafu matukio mawili ya kuigiza. Kumvuta mzamiaji aliyechoka na kurusha kamba kutoka kwenye boti unaweza kujifunza hata kwenye bwawa la kuogelea Kampala. Matatu yanataka maji maangavu: anayepaparika akiwa chini, kumpandisha aliyezimia, na kumtafuta aliyepotea. Hapo mkufunzi lazima aone mkono wako umeshika nini.

Mfano ni huyo aliyezimia chini. Kama regulata (kifaa cha kupumulia) imo mdomoni mwake, unaibana hapo hapo kwa mkono mmoja na kupanda naye kwa hewa ya koti lake la kuelea, koti lako ukiwa umelitoa hewa. Kama imetoka, usipoteze muda kuirudisha. Kosa la kawaida ni kujaza makoti yote mawili: mnapofika mita 5 mnaruka kama boya na huna mkono wa kutolea hewa. Mkufunzi aliye mita 4 pembeni analiona kosa hilo likianza. Ziwani, kwenye mwangaza wa mita 1 au 2 (umbali unaoona majini), atajua mkishafika juu.

Diani wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, maji huwa maangavu na bahari imetulia. Kusi likianza upande huo unachafuka. Hapo Unguja inashinda, maana kusi likivuma mashariki ya kisiwa, upande wa magharibi unabaki na kinga.

FundiMitungi
Hayo ya mwangaza sibishani nayo. Lakini hakuna aliyegusa mwinuko, na ndio unaotenganisha ziwa na bahari kuliko matope.

Uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,135 juu ya bahari, na ukivuka mita 300 jedwali la baharini, linaloonyesha dakika za kukaa kila kina, halitumiki lilivyo. Shinikizo la hewa huku ni takriban 0.88 bar, hivyo kina unakizidisha kwa 1.15. Mita 18 za Entebbe zinahesabiwa karibu mita 21 za baharini. Kwenye jedwali la PADI mita 18 zinakupa dakika 56, na 21 unaisogeza hadi safu ya mita 22: dakika 37. Dakika 19 zimeondoka na wewe hujafanya lolote. Kompyuta ya kuzamia, ile ya kuvaa mkononi, iwashe ukiwa hapa juu kabla ya kuingia majini, uangalie alama ya mwinuko imetokea. Kupanda, usizidi mita 9 kwa dakika.

Kuna pia risasi za mkanda, uzito wa kukuzamisha. Maji ya ziwa ni mepesi kwa asilimia 2.5 hivi. Mtu na vifaa vyake wakiwa kilo 100, anahitaji kama kilo 2.5 pungufu ya alizozoea Diani. Anayekuja na mkanda wa baharini anashuka kwa kasi, anajaza hewa kwenye koti, anatoa, anajaza tena, mtungi unaisha mapema. Wengi wanaohitaji kuokolewa ziwani huanzia hapo hapo, kwenye mkanda.

Kama mkufunzi anatoka pwani kwa ndege, asizamie siku anayoshuka Entebbe. Mwili wake unahitaji angalau saa 6 kuzoea. Wewe wa Entebbe umeshazoea, hilo halikuhusu. Na atakayekushauri Ziwa Bunyonyi kwa sababu maji yake ni matulivu, mwambie kule ni karibu mita 1,960. Kizidisho kinafika 1.27, na barabara ya Kisoro inapanda juu zaidi ya ziwa.

MwaloBugonga
Asante FundiMitungi. Kwa hiyo nikienda Diani nirudi kwa basi, nisipande ndege, niko salama?

FundiMitungi
Hapana! Basi ndilo linalowadanganya watu. Kanuni ya DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima vya kusimama unapopanda, na saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa. Inahusu kupanda mwinuko wowote kuanzia mita 600, ndege ni mojawapo tu. Ukishapita Voi unakaribia hiyo 600. Nairobi ni karibu 1,700, na Timboroa unapita juu ya mita 2,700, zaidi ya mwinuko wa hewa ndani ya ndege nyingi za abiria. Basi la jioni baada ya mbizi ya mchana ni kosa. Kozi ya uokoaji ina kupanda na kushuka kwingi, kwa hiyo hesabu 18 na uongeze. Lala Mombasa, kula viazi karai, ondoka kesho yake jioni.

KonokonoKijani
Upande wa ziwa kuna kichocho, na kozi ya uokoaji ni mbaya kwa hilo kuliko mbizi ya kawaida, kwa sababu nusu ya mazoezi hufanyika ufukweni: kuvuta mtu, kumbeba, kupiga magoti kwenye maji ya kiunoni karibu na matete. Konokono wanaobeba vijidudu hivyo wanakaa hapo hapo.

Mambo ya kufanya: mazoezi ya kutoka majini myafanyie kwenye gati au boti, mbali na matete na mafunjo. Vaa suti ndefu, soksi na glavu, ingawa maji yanayoingia ndani ya suti bado yanagusa ngozi. Ukitoka, vua na ujikaushe kwa taulo mara moja, maana vijidudu vinapenya ngozi kwa dakika chache. Dawa ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, lakini usiimeze siku ya pili ukidhani umemaliza. Inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiigusi vizuri. Vipimo na dawa hungoja wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini. Mwone daktari, mweleze tarehe.

MkungaWaTiwi
Kwenye wanyama, wa pwani wengi hawana shida na wewe. Madhara hutoka kwenye mshtuko: mtu anashtuka, anashika pumzi, anapiga mapezi kwenda juu. Kushika pumzi huku unapanda kunaweza kupasua mapafu hata kutoka mita chache. Kwa hiyo mwokoaji akiona mwenzake amekutana na kitu, aangalie mapovu kwanza, mnyama baadaye. Mapovu yakikatika, mshike koti na umwonyeshe ishara ya kupumua.

Wanaostahili kujulikana kwa jina:

Kikande mkubwa, samaki, anapolinda mayai. Eneo lake limepanuka kuelekea juu, mfano wa faneli, hivyo ukikimbilia juu bado uko ndani yake. Ondoka kwa ubavu, chinichini, umemwelekezea mapezi ya miguu ayang'ate hayo.

Taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) na samaki-jiwe ni wa maji mafupi, yaani pale pale unapomburuta majeruhi kutoka baharini ukiwa umeinama na humwoni aliye chini ya nyayo. Kokota miguu mchangani, usiinyanyue. Viatu vya soli ngumu. Akichomwa mtu, chovya kidonda kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasizidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90, na kwa samaki-jiwe safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Konyeza, yule laini mwenye nyuzi zinazowasha: kabla ya kumpulizia mtu pumzi, angalia nyuzi zake usoni na mdomoni mwa majeruhi. Watoe kwa glavu.

Potwe, papa mkubwa wa kisiwa cha Mafia, msimu wa Oktoba hadi Februari hivi, hana neno kabisa. Tatizo ni wazamiaji wanaomkimbiza na kuachana na wenzao. Dakika tano baadaye una zoezi la aliyepotea, la kweli.

Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, hana haja na wewe mradi mkono wako hauingii tundu lake.

NyavuNaMakasia
Sasa ziwa. Kiboko na mamba si wa kupambana nao, ni wa kuwaepuka, na unaowauliza ni wavuvi wa mwalo husika asubuhi ile ile. Kiboko anapita kati ya maji na malisho jioni na usiku, kwa hiyo mazoezi yawe kati ya saa 3 na saa 6 asubuhi, kabla pia ya dhoruba za alasiri. Boti isikae kati ya kiboko na mafunjo. Mamba akionekana eneo hilo, hakuna mbizi. Kisu cha mguuni hakibadilishi kitu.

Kamongo ana meno makali lakini anakaa kwenye tope na matete. Sangara mkubwa anaweza kukugonga gizani akapita zake, na hapo ushauri wa mapovu wa MkungaWaTiwi unafaa vile vile.

Hatari ninayoiweka ya kwanza hakuna aliyeitaja: nyavu. Za nailoni nyembamba, zilizokatika na kuachwa, huzioni mpaka zimeshika vali ya mtungi. Ukinaswa, simama. Usigeuke kutazama nyuma, kila ukigeuka unajizungushia. Mwenzako ndiye anayekata, kwa mkasi mfupi butu wa ncha, akianza na uzi ulio karibu zaidi na vali. Kila mtu abebe vikatio viwili, kimoja kifuani mahali mikono yote inafika.

Hata kutafuta aliyepotea kunabadilika. Baharini wanakufundisha kuogelea kwa dira na kutazama. Hapa unafunga kamba kwenye nanga ya boya pale mapovu yalipoonekana mara ya mwisho, unazunguka kwa mkono, ukimaliza duara unaongeza kamba. Mwangaza ukiwa mita 1 kila upande, ongeza mita 1.5, usizidi hapo. Ukiongeza 3 unaacha ukanda mzima haujaguswa. Duara la kamba ya mita 6 lina karibu mita 38, hivyo mtu mmoja juu anahesabu muda na hewa. Diani hawakufundishi hili ipasavyo, kwa sababu hawalihitaji.

KusiKaskazi
Nakubali la kamba. Basi afanye hivi: mazoezi ya juu ya maji bwawani Kampala, ya chini na matukio ya kuigiza Diani au Unguja, halafu siku mbili za kamba na nyavu ziwani na mtu anayelijua ziwa. Kama kituo ni cha SSI, shirika jingine la mafunzo, kozi yao inaanza hata kwa mwenye cheti cha kwanza tu cha maji ya wazi, ila huduma ya kwanza bado itadaiwa.

NyavuNaMakasia
Sawa, ila siku za ziwani zisiwe za mwisho za haraka haraka. Ndiko atakakofanya kazi.

MwaloBugonga
Nimeelewa, nitaandika Diani, Januari. Moja la mwisho: oksijeni. Boti ina mtungi wa lita 2. Unatosha?

FundiMitungi
Lita 2 kwa bar 150 ni lita 300. Kwa barakoa ya lita 15 kwa dakika unapata dakika 20. Feri ya Kalangala hadi Nakiwogo ni karibu saa tatu na nusu, yaani dakika 210, lita 3,150. Mtungi wa lita 10 kwa bar 150 una lita 1,500, kwa hiyo miwili haifiki, weka mitatu. Mkipata vali inayotoa oksijeni mtu anapovuta tu, matumizi yanashuka, lakini majeruhi asiyepumua mwenyewe hawezi kuitumia hivyo, anahitaji kupuliziwa. Usipake grisi wala mafuta kwenye nyuzi za vali, oksijeni na mafuta huwaka. Na geji isomwe kila asubuhi kabla ya kufungua kamba ya gati.