MREJESHO: Bibi tumempumzisha Mvumi

Habari zenu wapendwa, mimi ndo yule niliyeuliza juzi kama bibi yetu tumzike Dodoma mjini maana ndugu wengi wanatokea Dar, au tumpeleke kwao Mvumi kama alivyosema mwenyewe. Mlinisihi sana tufuate neno lake na ndo tulivyofanya, Mungu awabariki jamani.

Wa Dar walipanda treni ya umeme mpaka Dodoma, tukawapokea na kosta mbili tukanyoosha moja kwa moja. Turubai na viti tulikodi, ila chakula kumbe nilihangaika bure, akina mama wa kule walishasaga uwele na kila mmoja kaja na mlenda wake mkavu kaufunga kwenye kitambaa, wanasema huyu bibi ndo katufundisha kuanika.

Usiku wa mkesha ndo nililia kweli. Mama mmoja mtu mzima sana alisimama akasema mwaka wa njaa bibi aligawa uwele wa kwenye kihenge chake mpaka akabaki anakung'uta chini, na hapo ana watoto saba ndani. Sisi wajukuu hatukuwahi kuisikia hiyo, hakuwahi kusema hata siku moja.

Kaburi liko karibu na ule mbuyu aliokuwa anatuokotea ubuyu. Shangazi kamfunika kile kitenge chake cha bluu chenye kiraka pembeni. Matanga tumeanua jana, mi bado niko huku nakunja nguo zake taratibu, zinanukia moshi wa jikoni kwake.