Picha za kitabu cha zamani kwa uchapaji mpya: tuondoe nukta au tuzihifadhi?

Mpangakurasa
Ndugu zangu, ninaandaa toleo jipya la kitabu ambacho picha zake asilia zimepotea, hivyo chanzo pekee kilichobaki ni kurasa zilizochapwa. Zimo michoro ya mistari, picha za kamera za nyeusi na nyeupe, na chache za rangi. Je, nitumie kitufe cha skana kinachoondoa nukta (vile vidoa vidogo vya wino vinavyounda picha iliyochapwa), au niskani nukta zote na kuzishughulikia baadaye kwenye kompyuta? Kitabu kitachapwa kwa ofseti, kwa wavu wa mistari 150 kwa inchi, yaani safu 150 za nukta katika kila inchi.

WinoMweusi
Kabla ya kuchagua njia, kagua kila picha kwa lenzi ya kukuzia mara 10, kwa sababu si kila picha ya zamani ina nukta. Mchoro uliochongwa kwenye ubao una wino na karatasi tupu, hauna kijivu. Huo uskani kwa pikseli 1200 kwa inchi na usiulainishe hata kidogo. Kolotaipu, yaani picha iliyochapwa kwa bamba la jelatini, nayo ina chembechembe zisizofuata safu, kwa hiyo huskaniwa kama picha ya kawaida. Shida ipo kwenye nukta zilizopangwa kwa safu, kwa kuwa mtambo utaweka nukta mpya juu ya zile za kale, na safu hizo mbili zikigongana hutokea moare, yaani mawimbi ambayo hayamo kwenye picha yenyewe.

FundiBamba
Nakubaliana na aliyetangulia. Kitufe cha skana kinatosha kwa picha ndogo za pembezoni, ila kwa kawaida hutaka ukitajie wavu wa asili, ambao kwa gazeti mara nyingi ni mistari 65 hadi 85 kwa inchi na kwa jarida 133 hadi 150. Ukikosea, ama nukta zitabaki, ama nyuso za watu zitalainika kama nta. Kwa picha muhimu mimi huskani kwa kijivu, pikseli 1200 kwa inchi, kisha hutia ukungu wa Gauss (kichujio cha kulainisha picha) kidogo kidogo mpaka nukta ziungane, ndipo hupunguza hadi pikseli 300 kwa ukubwa wa mwisho, yaani mara mbili ya wavu wako wa 150. Kunoa, yaani kuongeza ukali wa kingo, huja mwishoni kabisa, kwani anayenoa mapema hunoa nukta zenyewe.

KiooBapa
Ipo njia ya tatu ambayo naona inadharauliwa bila sababu: kuhifadhi nukta jinsi zilivyo. Picha ya nyeusi na nyeupe yenye wavu mpana, kama ya gazeti, huskaniwa kwa pikseli 2400 kwa inchi, hugeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe tupu, na kuchapwa kama mchoro wa mistari. Kwa kuwa haiwekewi wavu mpya, moare haipati nafasi, na ukali wa asili haupotei. Sharti lake ni kwamba ukubwa usibadilishwe, na kwa wavu mwembamba isijaribiwe, maana wino hutanuka na kuziba vivuli.

Mpangakurasa
Ahsanteni. Picha za rangi je? Tena karatasi ni nyembamba, na maandishi ya upande wa pili yanaonekana.

FundiBamba
Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Maandishi hayo yatafifia, na weusi kidogo utakaoongezeka kwenye karatasi utausahihisha baadaye. Kwa rangi, njia ya KiooBapa haifai, kwa sababu kuna nyavu nne, moja kwa kila wino, zenye pembe tofauti, kwa kawaida nyuzi 15, 75, 0 na 45. Ukungu utafanya kazi, lakini programu yenye kichujio cha Fourier (hesabu inayoitenganisha picha katika mirudio yake) ni bora zaidi, kwani hulenga ule mrudio wa nukta na kuacha sehemu kubwa ya picha bila kuguswa. Hifadhi kila hatua kwa TIFF, aina ya faili inayoweza kutunza picha bila kupunguza ubora. Mgandamizo wa JPEG huharibu kingo za nukta kabla hujaanza kuzisafisha.